Moto wa Mama Juu ya Mafuriko

Watu wa Kisangani wakisimulia miaka ya uhuru na uasi, huanza na bunduki. Mimi naanza na maji. Waasi walipoingia mjini walitukuta nyumbani kwetu tumekaa, kwa sababu mto ulikuwa umeshajaribu kututoa kwetu ukashindwa.

Tulikuwa na kibanda kisiwani, chini kidogo ya mahali mto Lindi unapoingia kwenye mto mkubwa wa Kongo. Kuta zake zilikuwa za udongo, paa la majani, na sakafu Mama aliisugua kwa viganja vyake mpaka ikang'aa. Papa alikuwa fundi katika karakana moja mjini, mji uliokuwa bado ukiitwa kwa jina la mzungu. Kila Jumamosi alitupakia mtumbwini tukateremka. Enzi za Wabelgiji tulihitaji karatasi ili kupita jioni kwenye mitaa yao. Kisiwani hakuna aliyetuuliza karatasi. Papa akifika alivua viatu, akaimba ovyo, akalala mchana kweupe. Uhuru ulipotangazwa redioni, mimi nilidhani wanazungumzia kibanda chetu.

Mwaka uliofuata mto ukapanda. Tulikimbilia ng'ambo, kwenye ukingo wa juu, kwa Tonton, mdogo wake Papa aliyekuwa mvuvi. Kutoka kwake tuliliona paa letu likiinuka, likageuka polepole, likaenda zake. Nililia kwa sauti.

"Inchi muzima inabebwa na mayi," Papa akamwambia Mama, "alors weye unalilia nyumba ya majani?" Kesho yake akarudi mjini kazini, sisi tukabaki kwa Tonton.

Tonton ndiye aliyetueleza desturi ya watu wa mto. Mahali pa kisiwani ni pa anayepika hapo. Maji yakipafunika, mwenyewe huendelea kupika juu yake, ndani ya mtumbwi, kila siku, ili wapitao waone moshi. Moshi ukikosekana, maji yakishuka yeyote anaweza kusimika nguzo zake pale. Tayari mzee mmoja kutoka juu ya mto alikuwa akizungukazunguka kisiwa chetu kilichozama, akikipima kwa macho.

"Bwana yako iko mu mji," Tonton alisema. "Donc, nani atawasha moto?"

"Mimi."

"Weye, bokilo? Weye mutu wa mujini?" Akacheka sana.

Bokilo ni shemeji. Na kweli Mama alikuwa mtu wa mjini, binti wa familia ya Waislamu wafanyabiashara, aliyeolewa na mtu wa mto huku pande zote mbili zikinung'unika. Kwa ndugu za Papa alikuwa mgeni tangu siku ya ndoa. Kasia hakulijua, na kuogelea ndiyo kabisa.

"Waache wacheke," aliniambia. Akakandika udongo ndani ya mtumbwi, akapanga mafiga matatu juu yake, akanikalisha nyuma na kopo la kuchotea maji. Tulikwenda mshazari, tukazunguka, tukarudi nyuma, na mwendo ambao mvuvi huumaliza kwa dakika chache ulitumalizia asubuhi nzima. Hapakuwa na kisiwa tena, vichwa vya miti tu. Mama akaonyesha mchikichi mmoja. "Ule wetu, wa mlangoni." Akafunga kamba kwenye makuti yake, akawasha moto, akachoma makemba, zile ndizi ngumu za kupika, tukala tukiyumba.

Kesho yake tukaenda tena, na keshokutwa. Mvua ikija, alishika jani la mgomba juu ya mafiga na kuuacha mgongo wake ulowe. Siku nyingine alitapika, akanawa uso, akaendelea kupuliza. Wavuvi waliokwenda soko la Yanonge walitupigia kelele za mzaha, naye akawapungia mwiko. Mimi niliyaogopa yale maji, lakini nilijivuna vibaya sana.

Hatimaye maji yakashuka. Ncha nzima ya kisiwa haikuwapo. Sakafu, gati letu, mchikichi wetu, vyote vimemegwa na mto. Ule mchikichi wa kamba yetu ulikuwa umesimama mbali huko ndani, katikati ya matete, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kujenga. Majuma yote yale tulikuwa tumepika pasipo petu! Tonton alicheka mpaka akakaa chini. Nilimchukia siku ile, na sioni haya kusema.

Yule mzee wa juu ya mto hakucheka. Alikuja na nguzo zake begani, akazitupa chini ya mchikichi ule. "Mama, mahali yenu ilikwenda na mayi. Moto yenu ilipotea njia. Haihesabiwe."

Majirani wakasogea. Papa, aliyekuwa ameteremka kutoka mjini asubuhi ile, akaanza kukunja kamba ya mtumbwi ili tuondoke.

Mama akakanyaga nguzo za mzee kwa mguu wenye tope. "Mayi ilibeba nyumba. Ilibeba udongo. Mimi haikunibeba. Hapa nilipika kila siku, na nyote mliona moshi. Hapa ilikuwa ya nani? Mwenyewe aseme."

Hakuna aliyepadai. Mzee akamgeukia Tonton. "Bon, weye ulizaliwa ku mto. Huyu mwanamuke wa mujini iko na mahali hapa?"

Nilishika nguo ya Mama. Tonton aliinuka, akajipangusa matope, akautazama mtumbwi wetu na udongo wake ulioungua mweusi.

"Huyu iko mutu wa mto," akasema. "Iko na mahali."

Mzee akaokota nguzo zake moja moja. Papa akaiachia kamba. Mama hakumshukuru mtu. Alimpa Tonton jembe, akamwonyesha pa kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, na alipoona anaishia magotini akamkaripia.

"Chimba zaidi. Mayi itarudi, na itanikuta."