Kitabu Hakipimwi kama Kabichi

Nakumbuka siku niliyonunua kamusi ya Kiingereza kama anayenunua kabichi. Niliinyanyua kwa mkono mmoja, nikaona ni nzito, nikaibonyeza pembeni, nikalipa. Kwetu huku milimani kabichi nzito ndiyo kabichi, mwanangu. Nani angeniambia kitabu kina utaratibu mwingine?

Nimesikia kesho unashuka Lushoto kununua vitabu vya kunyoosha Kiingereza chako cha kuandika. Furaha imenishika hata chai imepoa mbele yangu, basi nisikilize.

Mwaka ule mipeasi ilizaa hadi matawi yakalala chini. Mgeni mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Irente akataka mapeasi ya kupikia jamu, akasema tumwandikie kwa Kiingereza tulichonacho. Majirani wote wakanigeukia mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, ambaye safari yangu ndefu ni jikoni hadi barazani. Nikaifungua kamusi yangu. Kila neno dogo nililolijua nikalitoa, nikaweka kubwa nisilolijua. Zikatimia kurasa mbili. Nilijisomea kwa sauti, nikajipigia makofi, nikampelekea.

Wiki ikapita kimya, mapeasi yakidondoka. Jirani yangu Mama Neema, ambaye mti wake ulizaa kuliko yote, akaenda mwenyewe kuuliza. Aliporudi hata kiti hakupokea.

"Mgeni anasema hajui kama tunauza au tumefiwa."

Akaniwekea mezani kamusi ndogo ya shule ya binti yake, yenye sentensi ya mfano chini ya kila neno. "Andika tuna nini, kiasi gani, aje lini. Basi."

Ikawa mistari mitatu. Kesho yake gari likaja, tukauza yaliyosalia.

Kwa hiyo mwanangu, ukifika dukani fungua kamusi kwenye neno unalolijua tayari. Ukiona limeelezwa ukaelewa, tena limetumika katika sentensi, hiyo ndiyo yako. Tafuta na kitabu cha sarufi chenye mazoezi na majibu nyuma, ujisahihishe bila kuchekwa. Kitabu cha visawe kiache kwanza. Hicho ni pilipili, nawe ugali hujasonga. Haba na haba hujaza kibaba, hata cha maneno. Mungu aushike mkono wako wenye kalamu, uandike na ueleweke.

Haya yote niliyokuandikia nimemsomea Mama Neema kupitia uzio. Hakuacha kupalilia.

"Umesahau kumwambia mapeasi yangu yaliyooza yanaitwaje kwa kile Kiingereza chako kirefu."