Aliyekaa Mbele ya Injini

Ilitangazwa rasmi, mbele ya kipaza sauti na viti vya kukodi, kwamba injini ya moshi ya reli nyembamba ya mlimani imehifadhiwa kama ilivyokuwa, bila kupungua hata msumari. Na kwamba kila aliyewahi kufanya kazi juu yake ataachiwa nyumba ya reli anayoishi mpaka siku zake ziishe. Nyumba nyingine zitavunjwa, wageni wapate pa kuegesha magari.

Mzee waliyemwita Mchanga alipiga makofi kuliko wote. Ujana wake ulipita juu ya boriti ya chuma mbele ya injini hiyo, ndoo mapajani, akimwaga mchanga relini kwa mkono ili magurudumu yasiteleze kwenye kupanda. Dereva alikuwa na kofia, mchochea moto alikuwa na sare. Yeye alikuwa kibarua, na siku za kupiga picha aliambiwa ashuke, asiharibu sura ya injini.

"Mashahidi?" aliuliza afisa wa nyumba, Mchanga alipokwenda kudai yake.

"Wamekufa wote, mwanangu. Lakini boriti ipo. Nilitoboa matundu mawili ya kupitisha mkanda, nisije nikaanguka nikasagwa. Na pale nilipokaa chuma kimelika, utadhani bakuli."

Nyumbani mkewe alikuwa amekataa kufungasha hata sufuria moja. "Mguu huu haunifikishi mlangoni," alisema, "wanihamishie wapi? Nenda kawaonyeshe hayo makalio yako yalivyofanya kazi."

Mchanga na afisa wakaenda kuitazama boriti, afisa mbele. Injini iling'aa kama kiatu cha mkubwa. Mchanga akapitisha macho juu ya boriti toka mwisho hadi mwisho, akarudia. Laini. Matundu yamezibwa, bonde limejazwa chuma, juu yake rangi nyekundu.

"Hapa palikuwa pamechakaa vibaya," alisema kwa fahari fundi aliyeikarabati.

"Mimi ndiye niliyepachakaza!" Mzee akapanda akakaa palepale, miguu ikining'inia, mkono ukimwaga mchanga usiokuwepo. "Nitazame basi! Mtu hujifunzia wapi kukaa hivi?"

"Shuka, mzee wangu. Rangi mbichi," alisema fundi.

Akashuka, suruali nyekundu nyuma. Kwenye boriti ilibaki alama ya mtu aliyekaa, makalio yote mawili, dhahiri kabisa. Afisa aliitazama, akaandika "hana ushahidi", akafunga faili lake.

Kabla jua halijazama, fundi alipitisha brashi pale, injini ikawa tena kama ilivyokuwa.