Kitone cha Kijani cha Bi Somoe

"Nyie hamjui tu," Mama Lulu alituambia bombani, ndoo yake inamwagika hana habari. "Ile saa aliyovalishwa Bi Somoe ndiyo inayomnyonya akili. Inapelekwa kwenye kompyuta, wanauziwa wazee wa Ulaya. Ndo maana juzi kaniita jina la marehemu mama yangu."

Wenzangu walicheka. Mie nilicheka kidogo. Bi Somoe alianza kusahau kabla ya saa. Aliacha jiko linawaka, akaondoka zake. Ni mjane, mzaliwa wa hapahapa Tandika, na vitumbua alivyouza Buguruni ndivyo vilivyomsomesha mwanawe Abdulrahman mpaka akajenga Tegeta. Mie mpangaji wake, Mnyakyusa niliyeishia darasa la saba. Nilipojifungua Blessing, yeye ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, mama yangu akiwa mbali Rungwe.

Saa aliileta Flaviana, mhudumu wa afya wa mtaa wetu. Inapima anavyolala na anavyotembea, kompyuta inalinganisha na wazee wengine wenye ugonjwa huo, kisha inabashiri siku ambayo anaweza kupotea.

"Si uganga," Flaviana alinieleza. "Mwanao akikataa ziwa asubuhi, si unajua jioni homa inakuja? Basi ndiyo hivyohivyo."

Simu yangu ikawekewa ramani, na humo Bi Somoe ni kitone cha kijani.

Abdulrahman naye alikuwa ameshasema: mama akipotea tena, anamhamishia Tegeta, na geti litapigwa kufuli. Bi Somoe alilia siku nzima. "Nifungiwe kama mbuzi wa Idi?"

Jumanne ile ujumbe uliingia: hatari kubwa leo, hakulala vizuri, asiachwe peke yake. Nikamkimbilia barazani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mama Blessing. Mbona macho yamekutoka kama umeona nyoka? Hebu nipe mjukuu wangu, ukafue."

Alikuwa mzima kabisa. Nikampa mtoto, nikaenda uani, simu nimeichomeka kwenye kanga. Baadaye akanirudishia Blessing kalala, nikamlaza kitandani. Kila nikitazama simu, kitone kipo nyumbani. Nikatulia, nikafua mpaka mashuka.

Nilipompelekea chakula, baraza tupu. Chumbani hayupo, chooni hayupo. Simu inasema yupo. Nikaita, nikainama mpaka uvunguni mwa kitanda. Ndipo Blessing akaamka, akarusha mguu, na ndani ya soksi nikaona kitu kimevimba. Saa! Imefungwa juu ya kifundo, soksi imevutwa kuificha.

Nikaelewa palepale. Mtoto alikuwa akishtuka usingizini, na Bi Somoe alishaniambia nimvalishe hirizi, kuna jicho la mtu. Nilikataa, sie walokole. Sasa kampa ya kwake, ile aliyoambiwa itamlinda.

Nikampigia Flaviana huku nalia.

"Usilie, nisikilize," akasema. "Kumbukumbu zake hizi hapa. Kila akikosa usingizi anashika njia ya Buguruni, ila huwa anarudishwa kabla hajafika. Mie namtafuta kuanzia huku njiani. Wewe panda bajaji uende moja kwa moja sokoni."

Nikamfunga Blessing mgongoni, saa nikaiacha kitandani. Kule Buguruni malori yanapishana na bodaboda, honi juu ya honi. Nilitazama lami kwanza kabla ya kutazama watu, kwa kuogopa nitakachokiona.

Nilimkuta mbele ya duka la simu, miguu mitupu, anagombana na muuzaji.

"Chuma changu cha vitumbua umekipeleka wapi, mwizi wee?"

"Bibi, hapa tunauza simu! Labda nikukaangie chaja?"

Watu wakacheka. Nikamshika mkono. Alinitazama kama mgeni, kisha akamwona mtoto mgongoni.

"Blessing," akasema taratibu. "Kalala vizuri leo?"

"Kalala, Bibi."

Nikamwarifu Flaviana kwamba nimempata. Tulipokaa tu ndani ya bajaji, simu ikaita. Abdulrahman. Ule ujumbe wa hatari na yeye humfikia. Nikaiacha iite. Nikimwambia mama yake hakutoka nyumbani, ramani yenyewe itanitolea ushahidi.

"Ni Abduli?" Bi Somoe akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe unataka kumdanganya."

Nikamgeukia. Akili ilikuwa imemrudia, macho yake yalikuwa yale ya siku aliyonikanda.

"Mwambie nilipotea. Na huyo binti wa saa mwambie nilimvika mtoto, wasije wakaandika kwenye kompyuta yao kwamba nilishinda barazani. Halafu nipe simu, niseme mwenyewe kwamba siendi Tegeta. Mtu wa kushinda na mimi akitaka alete, mlango akitaka autie kengele, mie nakubali, ila iwe kwangu." Akanishika kiganja, akakibana. "Lakini maneno huniponyoka njiani, unanijua. Nikikwama, mwanangu, nimalizie wewe."