Mikono Mizito

Nyumbani walimwita Mizito, na jina hilo alilipata kihalali. Kikombe akikiosha kilivunjika, mlango akiufunga nyumba nzima iliitika. Utotoni alipenda kujipendekeza kumkanda mama yake mgongo, na mama alipiga kelele kila mara: "Ondoa hiyo mikono yako mizito, utanimaliza!" Kisha wanacheka wote wawili, mama kajishika kiuno. Kesho yake binti anaomba tena, na mama anamgeuzia mgongo tena. Sijui ni nani alikuwa akimdekeza mwenzake.

Alipokua alikwenda ng'ambo, akapata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, na huko mikono mizito ilikuwa sifa. Akakaa miaka. Siku moja wifi yake, mke wa kaka yake, akapiga simu: mama ameanguka bafuni, mguu wa kushoto umekufa ganzi, daktari amesema akandwe kila siku.

"Mimi namkanda, wifi, ila si fundi. Nababaisha tu."

Mizito alilia mbele ya mashine za kufulia, na kelele za mashine hizo zikamsitiri.

Juu ya duka la viatu, si mbali na hoteli, kulikuwa na chumba ambamo mwanamke wa Kithai alifundisha masaji ya kwao. Magodoro yalitandikwa sakafuni, na wanafunzi walivaa suruali pana za kufunga kiunoni. Mizito akawa anakwenda huko siku zake za mapumziko, akijua fika kwamba atasifiwa kwa nguvu zake. Wapi! Siku ya kwanza alimkamata paja mwanafunzi mwenzake, mpishi wa makamo, na yule bwana akaomba radhi kwa makosa ambayo hakuwahi kuyatenda.

"Wewe unafua," mwalimu alimwambia kwa lugha ya kuokoteza. "Mtu si shuka."

Akamwonyesha. Kabla ya kumgusa mtu, kutanisha viganja kifuani utulie. Mwanamke anaanziwa mguu wa kushoto. Usibinye, weka kiganja, nyoosha mkono, halafu egemea kwa mwili wako wote, polepole, kama mtu anayeegemea mlango asikilize kama mtoto amelala. Mizito alielewa upesi, lakini mikono ilikataa katakata. Kazini alijizoeza kwa kuegemea marundo ya taulo, wenzake wakamuuliza kama taulo zinaumwa.

Ilichukua muda mrefu. Mpaka siku moja mpishi akapitiwa na usingizi chini ya viganja vyake, akakoroma bila haya. Mwalimu akaja kumfunika blanketi. Mizito alishuka ngazi kwa madaha, na wiki hiyohiyo akaomba likizo. Alitaka kitu kimoja tu duniani: mama aionje mikono hii.

Wifi yake alikuja kumpokea, na njiani akamweleza.

"Nisikufiche, wifi. Macho ya mama yameingia ukungu, na kichwa nacho kinampotea. Hata sauti zinamchanganya. Siku hizi anatujua kwa mikono. Nikimshika tu, anasema mkwe wangu huyo."

"Basi mimi atanijua upesi," Mizito alisema. "Nani mwingine ana mikono kama hii?"

Wakacheka mpaka nyumbani.

Mama alikuwa amenywea kitandani, mdogo kuliko alivyomwacha.

"Mama, shikamoo. Ni mimi, nimerudi."

"Marahaba. Siku hizi kila mtu anasema ni yeye."

Mizito akamwita wifi yake wasaidiane. Walimshusha kwenye godoro sakafuni, naye akapiga magoti, akakutanisha viganja, akaanza na mguu wa kushoto. Akaegemea. Mama alishusha pumzi ndefu, na uso uliokunjamana ukalegea. Furaha ilimjaa Mizito.

"Mikono mizuri hii," mama alisema. "Siijui. Wewe wamekutoa wapi, mwanangu? Hospitali?"

"Ni mimi, mama. Mizito."

Mama akacheka, kile kicheko chake cha zamani. "Usinitanie. Mizito namjua. Angekuwa yeye, ningeshapiga kelele zamani."

Mizito aliacha viganja juu ya mguu ule. Wifi yake aliinama, akamnong'oneza: "Mbinye, wifi. Kama zamani. Mara moja tu."

Alitamani. Kubinya mara moja tu, mama angelia, angemfukuza, angemwita kwa jina lake. Alikaza dole gumba. Chini yake ngozi ilikuwa laini mno, na mfupa ulikuwa karibu.

Akalilegeza. Akanyoosha mkono, akaegemea polepole jinsi alivyofundishwa, machozi yakimdondoka kwenye shuka.

"Binti yangu yuko ng'ambo," mama alisema, sauti imeanza kuzama usingizini. "Akirudi, naomba umfundishe. Usimkaripie, hana ubaya. Hajui tu."

"Nitamfundisha, mama," alisema Mizito, akahamia mguu wa kulia.