Mguu Uliosikia Vidole

Wifi yangu Ng'washi alisema mbele ya watu, pale soko la samaki Kirumba, kwamba kila alfajiri naingia ziwani kutembea na maiti. Mume wangu Machibya alikuwepo. Alijua ninachofanya majini, akanyamaza. Huo ndio ubaya niliotendewa.

Nilikuwa nakaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupelekwa Ulaya. Miguu ilianza kufa ganzi hapohapo kwenye karai. Asubuhi nilikuwa mtu. Moto ukikolea, miguu inakuwa uji na macho yanaingia ukungu. Wenzangu walidhani nakunywa. Daktari mmoja mgeni alinigonga magoti kwa kinyundo, akatuambia mimi na Machibya kwamba anadhani ni maltipo sklerosisi: mwili unashambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu, hata ikaanza kudanganya. Dawa hakuwa nayo.

"Joto ndilo linalokuangusha, mama," alisema. "Fanya mazoezi kabla jua halijachoma, kwenye maji ya baridi. Ukichoka, acha. Usishindane na mwili."

Machibya mwenyewe alichimbia nguzo majini, katikati ya mawe, akafunga kamba niishike. Niliingia hadi kifuani. Natembea kiubavu, nainua goti, nalishusha, napumzika. Majini sikuyumba. Nikitoka, nilipanda kilima cha nyumbani bila fimbo. Siku nisipoingia, nilitambaa kwenda chooni.

Kisha, Mei ya mwaka 1996, meli ikazama karibu na Mwanza na mamia ya watu. Kwa muda watu waliacha kula samaki. Wengi hawakutaka hata kugusa maji. Nami niliogopa, lakini miguu yangu haikujua matanga. Niliingia.

Ndipo vidole vikaja. Mguu wa kushoto, ule usiosikia hata mafuta yakiurukia, ulisikia vidole vikiushika taratibu juu ya kifundo. Nilitazama chini: maji tu. Nikainua goti, vikainuka nalo. Nilimweleza Machibya peke yake, nikilia.

"Ni ugonjwa," alisema. "Daktari si alisema mishipa itakudanganya?"

"Na kama siyo?"

Alikwenda kumwambia dada yake.

Ng'washi alinikuta sokoni, akasimama mbele ya karai langu.

"Mama Hellen, leo umeamka na nani?"

"Na magoti yangu, wifi. Yaulize kama yamelala."

Wanawake wakacheka. Yeye hakucheka.

"Hao wanaokushika miguu huko majini wanataka nini? Mtoto wa Dorotea yumo?"

Dorotea alikuwa amempoteza binti yake kwenye meli ile. Aliweka chini mapanki aliyokuwa ameyachagua. Nilimgeukia Machibya, aliyekuwa ameniletea kuni.

"Baba Hellen, waambie."

Aliinama kuzipanga kuni. Zilipokwisha kupangika, akazipanga tena.

Tangu siku ile hakuna aliyenunua kwangu. Machibya aling'oa nguzo zake, eti watu wasije wakatuchomea nyumba.

"Ng'oa na miguu basi, umalize," nilimwambia.

Nilijaribu mazoezi ndani, nimeshika ukuta. Bati likipata jua, chumba kinakuwa tanuri, naanguka. Mvua za mwaka uliofuata zilinikuta nimekaa, na sijasimama tena.

Vidole bado vinakuja. Nakaa mlangoni, mbali na maji, miguu mikavu kabisa, na vinashika palepale juu ya kifundo. Hapo tena hata maneno ya daktari hayanitoshi. Huenda ni ugonjwa. Huenda ni mtu aliyenifuata nyumbani kwa kukosa pa kwenda. Nikimwona Dorotea anakuja njiani, naficha mguu ule chini ya khanga. Naye huvuka upande wa pili.

Ng'washi amekufa, simdai. Dorotea simlaumu; aliambiwa jambo ambalo mama hawezi kulisahau. Ninayemdai ni Machibya. Yu mzima, na Jumapili anaimba kwaya kwa sauti kubwa. Aende kwa Dorotea, mchana, jirani wakisikia, amwambie kwamba sikuwahi kutembea na mwanawe majini, nilikuwa nafanya mazoezi.