Bomba Lililonifanya Nimshike Mama Mkwe

Jamani, hii naisimulia mara moja tu na msiniulize tena, maana hata sasa nikiikumbuka masikio yanawaka moto. Mke wangu Namuli ni Muganda, mimi ni Mkongo wa Bukavu, na waliooa kwa Waganda wanajua: mama mkwe haguswi. Hampeani mkono, hamkai chumba kimoja, mnasalimiana ukuta ukiwa katikati. Ukoo wao ulinikubali shingo upande, wakisema Mkongo hana adabu, kwa hiyo siku mama alipokubali kupumzika kwetu Lubaga akitoka hospitali kupimwa macho, nilijua ndiyo siku yangu ya kuonyesha kwamba na mimi nimelelewa.

Mpango ulikuwa mwepesi: yeye akae sebuleni, mimi nijifungie chumbani mpaka aondoke. Basi nimetulia zangu kitandani, namsikia anamwuliza binti yake (Kiganda changu si kingi, lakini hilo nililielewa) lile bomba la bafuni mbona linadondoka tangu afike, kwani hakuna wa kulitengeneza? Lilikuwa linadondoka tangu Pasaka, na kila Jumamosi nilimwahidi Namuli kuita fundi. Aibu ikanishika. Namuli alipotoka kununua samaki nikaona hapa ndipo pa kusafisha jina: bafu liko mlango wa pili tu, nitanyata, nibadilishe kile kimpira cha ndani, nirudi, mama asikie kimya ajue nyumba ina mwanaume. Shati na suruali nikavivua nisivilowanishe. Koki kubwa ya nje sikuifunga, maana kuifikia ni kupita sebuleni mbele yake, nikajiambia kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua.

Nilipozungusha spana mara ya mwisho kichwa cha bomba kikaruka kikagonga dari, maji yakanipiga usoni, nikaziba kwa kiganja yakatokea katikati ya vidole, nikasokomeza taulo, taulo likarudi kifuani kwangu.

"Mama, samahani sana," nikaita kupitia mlango, "naomba unifungie koki, iko nje karibu na jiko."

Sauti ya upole kabisa ikajibu, ikiniita bwana kwa Kiganda, "Ssebo, mimi hapana sikia wewe."

Alinisikia vizuri sana. Alikuwa ananiheshimu tu.

Maji yakashika korido yakaingia sebuleni mpaka miguuni pake, ndipo akainuka, akajifunika shali uso mzima asije akaniona, akaanza kupapasa ukuta kutafuta mlango wa nje, na sakafu yetu ni ya simenti iliyosuguliwa, ikilowa hata paka hapiti. Mimi nimeziba bomba kwa mkono mmoja, nachungulia. Nikaona mguu wa kwanza unateleza, wa pili unafuata, na haki ya Mungu sikufikiri chochote, nikaachia bomba nikaruka nikamdaka kiunoni kwa mikono miwili, nikiwa na nguo ya ndani peke yake.

Akapiga yowe. Huku yowe halipigwi bure, anayelisikia anakuja na alichonacho mkononi, na jamaa wa boda boda wa hapo langoni walikuja na fimbo wakijua ni mwizi. Yule anayembeba Namuli kwenda sokoni akaniangalia, akamwangalia mama, akashusha fimbo.

"Huyu si mwizi," akawaambia wenzake. "Huyu ni mkwe."

Wakageuza nyuso wote kwa pamoja. Afadhali ningekuwa mwizi, mwizi hupigwa yakaisha.

Namuli alirudi na samaki wake, akafunga koki, akamsindikiza mama yake, lile gauni lake la gomesi likichuruzika maji. Chai hakunywa. Mimi nilikaa bafuni nikilitazama bomba, na safari hii halikudondosha hata tone.

Nilingoja ukoo uniite unirudishie mahari yangu. Waliponiita ilikuwa ni ubatizo wa mtoto wa shemeji, kule Kasubi, na shemeji mkubwa akanisimamisha mbele ya watu wote.

"Mkongo, mama anasema alianguka kwako, akajiinua mwenyewe. Wewe ulikuwa wapi?"

Nikafungua mdomo. Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, nikamsikia mama mkwe anakohoa, mara moja tu, nikaufunga. Alikuwa ameshapanga yote: mkwe mzembe ukoo utamsamehe, mkwe aliyemshika hawatamsamehe.

"Nilikuwa nimelala," nikasema.

Watu wakaguna. Mzee mmoja akasema Wakongo ndivyo walivyo.

Basi mpaka leo mimi ndiye niliyelala huku mama wa watu anaanguka, na nimekubali. Spana nilimpa fundi, bomba likidondoka tone moja nampigia simu, na akifika natoka nje kabisa mpaka amalize. Juzi mama ametuma matoke, pamoja na ujumbe ambao Namuli alinipa huku ameziba mdomo asicheke.

"Mwambie ssebo aendelee kulala."