Maksai wa Dorkasi na Kimbunga cha Kalemela

Pale Kalemela, kijiji cha kando ya ziwa, Dorkasi alikuwa mjane pekee aliyelima kwa plau mwenyewe. Mumewe alipofariki, shemeji yake Ngeleja alitaka kuwachukua maksai wawili walioachwa. "Mwanamke hafokei ng'ombe wa plau," alisema. Dorkasi akakataa katakata, na tangu hapo walisalimiana kwa shida.

Mwaka 1955, wiki chache baada ya mvua za vuli kuanza, Dorkasi alikuwa akitayarisha shamba la pamba aliposikia ngurumo isiyokatika kutoka ziwani. Akageuka. Lo! Maji yalikuwa yameinuka, meupe, yanakimbilia nchi kavu, na juu yake wingu jeusi likizunguka. Mitumbwi ilirushwa kama maganda ya karanga. Vichanja vya samaki, mapaa ya nyasi, kuku, vyote vikapaa! Dorkasi akajitupa kifudifudi kwenye mfereji wa plau, ameng'ang'ania mnyororo wa kuvutia plau, maksai wamepiga magoti mbele yake.

Upepo ulipopita, kijiji hakikutambulika. Nyumba zilibaki kuta tupu, na samaki walikuwa wakirukaruka katikati ya mahindi machanga. Mara yakasikika mayowe: "Ghala limeanguka! Watu wamo ndani!"

Lilikuwa ghala la mbegu za pamba, na wakulima walikuwa wamekwenda kuchukua mbegu zao. Dorkasi akafungua plau, akawaswaga maksai mbio, mnyororo ukiburuzwa matopeni. Akawakuta wanaume wanasukuma boriti kubwa ya paa bila kuitikisa.

"Pisheni!" akapiga kelele, akamgeukia kijana mmoja wao. "Malimi, zungusha mnyororo hapo! Kaza!"

Sauti ikatoka chini ya mabati. "Nani huyo?"

Alikuwa Ngeleja.

"Ni mimi, shemeji. Nimekuja na maksai."

Ngeleja akamwita mama kwa Kisukuma: "Basi wafokee, mayu! Wafokee kwa nguvu!"

Dorkasi akafoka mpaka sauti ikakwaruza. Maksai wakainamisha vichwa, kwato zikazama, mnyororo ukalia, boriti ikasogea. "Tena! Tena!" watu wakaitikia. Paa likainuka upande mmoja, na watu wakaanza kutolewa, mmoja mmoja, weupe kwa vumbi la pamba. Wote walikuwa hai, na kila aliyetoka alipokewa kwa vigelegele. Ngeleja alitoka wa mwisho, mguu umevunjika, akishika mkono wa Dorkasi bila kuuachia.

Furaha haikuwa kamili. Wavuvi wawili waliokuwa ziwani hawakurudi, na kijiji kizima kikawalilia. Pamba iliyokwisha pandwa ilisombwa, na hakuna familia iliyobaki na mtumbwi mzima.

Lakini habari zilifika Bariadi, bara mbali na ziwa, upesi. Siku chache baadaye barabara ikajaa watu wakiimba, wamejitwika nyasi za kuezekea na mtama wa chakula. Dorkasi aliwapokea akiwa bado amepotelewa na sauti, akiwaonyesha kwa mikono nyumba ya kuanza nayo: ile ya wajukuu wa mvuvi mmoja aliyepotea. Kufikia mchana paa lake lilikuwa limesimama, na wanawake wakawasha moto ndani.